Kaburi Lina Jina, Nyumba Haina Hati

Ukitoka Kawangware hadi Dagoretti Corner, kisha ushike Barabara ya Ngong kuelekea Karen, utayakuta makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu, majina yamechongwa. Aliyelala pale hakuna wa kumhamisha.

Sasa geuka, uingie Kibera. Je, yule aliyerudi mzima alipata nini?

Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliruhusiwa kujenga katika msitu huo, na mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ikatenga zaidi ya ekari 4,000 kuwa ardhi ya jeshi. Huko ndiko watoto wao walikozaliwa, wakalelewa na baba wanajeshi.

Vita vilipozuka 1939, wana hao nao walivaa sare, sawa na vijana wa makabila mengine. Mwaka wa 1944 Keya walikuwa Burma, wakiwaandama Wajapani katika bonde la Kabaw. Mvua iligeuza njia kuwa tope, wakawa wakingoja ndege ziwadondoshee chakula. Desemba wakavuka mto Chindwin.

Waliorejea Kibera walivua sare wakarudi katika nyumba zao. Lakini nyumba ikiwa yako na ardhi si yako, unalala macho. Serikali iliwahesabu kuwa wakaaji wa hisani tu. Uhuru ulikuja 1963, hati haikuja. Baba alizikwa, mwana akazeeka, na ardhi ikazidi kumegwa. Mpaka Juni 2017 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi Wanubi hati ya ekari 288.

Piga hesabu mwenyewe. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke.

Mzazi, Jumapili moja wapeleke watoto kwenye makaburi yale, wasome majina. Mkitoka hapo, mtafuteni babu au nyanya aliyebaki, mumuulize: mzee wetu alikuwa nani kabla ya sare, na aliporudi alipokewaje? Majibu yaandikeni daftarini. Wafu wana mawe yao. Hawa wana sisi tu.