Mfanyakazi pichani aandikwe jina

Ndugu Mhariri,



Siku moja niliwaonyesha wanafunzi wangu picha aliyoipiga W. Eugene Smith mwaka 1955 katika mji wa viwanda vya chuma wa Pittsburgh, Marekani. Ni mfanyakazi aliyevaa kofia ngumu na miwani ya kujikinga. Macho yake huyaoni. Katika vioo vya miwani unaona moto tu. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu anaitwa nani?" Sikuwa na jibu, maana picha ile haina jina la mtu.

Simlaumu sana Smith. Alikodiwa kwa wiki tatu apige picha 100 za kitabu cha kuueleza mji huo. Yeye akaendelea na kazi hiyo karibu mwaka mzima, akapiga zaidi ya 10,000, hata fedha zikamwishia. Lakini ajabu ni kwamba mpiga picha tunamjua, mji tunaujua, ila mwenye jasho hatumjui! Wapo watakaosema mtu yule anasimama badala ya wafanyakazi wote. Mimi sikubali. Hiyo ndiyo hesabu ya mwenye kiwanda: kwake mfanyakazi ni mikono, akitoka huyu ataingia yule.

Tazama alivyofanya Gordon Parks, Mmarekani mweusi. Mwaka 1942 huko Washington alimkuta mama mfagizi katika ofisi ya serikali. Kwanza alizungumza naye, akamsikiliza habari za maisha yake. Ndipo akamsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, ufagio mkononi. Baadaye alimfuata hadi nyumbani na kanisani. Kwa hiyo leo tunajua kuwa mama yule ni Ella Watson, na tunajua alikuwa akilea watoto kwa mshahara mdogo.

Parks huyo huyo alitumwa Pittsburgh mwaka 1944 na kampuni ya mafuta ya Standard Oil, kupiga picha katika kiwanda cha grisi. Kampuni ilitaka kujisafisha mbele ya watu, hilo halifichiki. Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema picha iliyolipiwa na tajiri ni uongo mtupu. Pipa la grisi lina uzito ule ule, awaye yote aliyelipia picha.

Sasa, Ndugu Mhariri, hata katika magazeti yetu mgeni wa heshima akitembelea kiwanda huandikwa jina na cheo chake, na aliye kwenye mashine huitwa "mfanyakazi" basi. Naomba wapiga picha wetu wawe na kijitabu na kalamu. Wamwulize jina, kazi anayoifanya na miaka aliyokaa kiwandani, kisha waandike chini ya picha kama alivyosema mwenyewe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.