Keroka yahukumiwa kwa uvumi huku kaunti mbili zikiuvutania mji

MWIZI mmoja akinaswa katika soko la Keroka, habari zake husafiri kwa kasi kuliko matatu za Sotik. Kufikia jioni mwizi huwa amegeuka genge, na genge limegeuka mji mzima. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Lakini katika mji unaoishi kwa soko, lisemwalo laweza kuua biashara hata kabla halijathibitishwa.

Suala hili si la heshima tu. Mnunuzi wa ndizi kutoka mbali akiambiwa kwamba Keroka hakukaliki, hugeuzia gari lake kwingine. Anayeumia hapo si mwizi, bali mama aliyekopa pesa za chama kununua mikungu ambayo kesho itaiva na kuoza kibandani.

Hata hivyo, kuficha uhalifu si dawa. Wapo wanaotaka visa vya wizi vinyamaziwe ili wateja wasitishike. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mchuuzi anayefunga kibanda usiku ana haki ya kujua ni uchochoro gani wa kuepuka, na mwendeshaji wa bodaboda ana haki ya kujua iwapo wenzake wameporwa.

Kinachotatiza ukweli zaidi ni mahali mji ulipo. Keroka iko kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Sotik, na mpaka wa kaunti mbili unaipasua. Upande mmoja ni Masaba Kusini katika Kaunti ya Kisii, na wa pili ni Masaba Kaskazini katika Kaunti ya Nyamira. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, pande hizo zimezozania umiliki wa mji na ushuru wake, na wafanyabiashara wamelalamika kutozwa na pande zote mbili.

Mgawanyiko huo una athari katika usalama pia. Takwimu za uhalifu zinazochapishwa na serikali hupangwa kwa kaunti. Hivyo basi, tukio la upande huu wa mji huhesabiwa Kisii na la upande wa pili huhesabiwa Nyamira. Anayedai kwamba Keroka ni pango la wezi, na anayeapa kwamba ni salama, wote huzungumza bila mizani.

Hata pale idadi inapopatikana, lazima isomwe kwa uangalifu. Visa vilivyoripotiwa vikiongezeka, huenda wezi wameongezeka. Huenda pia wananchi wameanza kuwaamini polisi. Vikipungua, huenda kuna amani, au watu wamekata tamaa ya kuandikisha taarifa kituoni.

Gusii inajua gharama ya kukata tamaa huko. Kundi la Sungusungu lilijitwika kazi ya kupambana na wahalifu, kisha lenyewe likalaumiwa kwa mauaji na mateso. Mwaka 2010 serikali ililiharamisha pamoja na makundi mengine, Chinkororo likiwemo. Uvumi kuhusu uhalifu ndio uliolipa kundi kama hilo nguvu: mtu akitajwa tu kuwa mwizi, hakukuwa na haja ya ushahidi.

Vilevile, Keroka haiko mbali na mpaka wa Borabu na Sotik, ambako Wakisii na Wakipsigis walishambuliana katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Katika eneo kama hilo, taarifa ya wizi inayotaja kabila la mshukiwa bila sababu yaweza kuwasha moto ambao mwandishi hataweza kuuzima. Ndiyo maana maadili ya uanahabari nchini Kenya yanahimiza usahihi na haki, na kuonya dhidi ya kutaja kabila kwa njia ya kudhalilisha.

Baada ya magaidi kuua watu 67 katika jumba la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ukaguzi wa wateja milangoni ulikuwa jambo la kawaida katika majumba ya biashara. Soko la wazi halina mlango. Usalama wake hutegemea taa, askari wa doria na watu wanaojuana. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, polisi ni jukumu la serikali ya kitaifa, ilhali masoko na taa za barabarani ni za kaunti. Taa ikizimika mpakani, swali la nani aibadilishe huwa ni swali la usalama.

Kuhamisha mpaka si kazi rahisi. Katiba inadai pendekezo la tume huru, kisha thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Lakini magavana wawili hawahitaji kusubiri hayo ili kukubaliana kuhusu taa, wala makamanda wa polisi ili kutoa taarifa moja kuhusu mji mmoja.

Hadi hapo, uadilifu utabaki mikononi mwa anayesimulia. Aseme ni uchochoro gani, saa ngapi, nani alishtakiwa na kesi iliishaje. Hilo litamsaidia mama wa ndizi kujikinga bila kumfukuzia mnunuzi.