Baiskeli Isiyo na Springi Haijapitwa na Wakati

Yapo mawazo yaliyoenea miongoni mwa wanunuzi kwamba baiskeli ya kisasa sharti iwe na springi mbele, na kwamba isiyo nazo ni ya kizamani. Mawazo hayo hayana msingi, na yanawagharimu bure watu wa mishahara midogo.

Historia yenyewe inayakanusha. Mwaka 1976, vijana wa Marin, California, nchini Marekani, walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa kazi hiyo hasa. Baiskeli hizo hazikuwa na springi. Springi za mbele zilienea baadaye, katika miaka ya 1990.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Leo waundaji kadhaa wanarudia uma mgumu wa mbele, wakiuunganisha na breki za diski, gia nyepesi na matairi ya milimita 40 hadi 50. Sababu wanazo. Uma wa springi wa bei nafuu huweza kufikia kilo 2 na nusu. Ule mgumu huwa karibu kilo 1. Mwendeshaji asimamapo juu ya pedali kupanda mlima, springi hubonyea na kumeza sehemu ya nguvu zake. Tena springi hutaka mafuta na mipira ya kuzuia vumbi; vikichakaa, fundi wa kijijini hana vipuri. Mtikisiko wa kokoto hupunguzwa vya kutosha na tairi pana lisilojazwa upepo kupita kiasi.

Ni kweli kwamba anayeshindana kuteremka miamba kwa kasi anahitaji springi, tena zilizo bora. Lakini mwalimu aliyebeba madaftari, au bwana shamba azungukaye vijijini, hashindani na mtu. Phoenix ya China imebeba watu, mahindi na maji kwa miaka mingi bila springi. Kilichopungua kwake ni gia za kupandia mlima na breki zishikazo wakati wa mvua. Na hivyo ndivyo baiskeli hizi mpya zinavyoongeza.

Kwa hiyo, anayenunua kwa fedha zake, na hasa ofisa anayeagiza kwa fedha za umma, asiulize kwanza baiskeli inang'aa kiasi gani. Aulize itatengenezwa na nani itakapoharibika, na kwa vipuri vipi.