Kiko cha Bwana Msa

Mwandishi aliyedai kuwa hadithi za Sherlock Holmes ni ukungu wa London usiotuhusu, ashuke Kilosa aulize. Holmes alianza kusomwa 1887. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar akaichukua mbinu ile ya upelelezi, akatupatia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, 1960. Mauaji ya mzimuni yakafumbuliwa kwa akili, si kwa ramli. Hilo ndilo lililotunasa, wala si makoti ya Wazungu. Na askari wa wanyamapori wa Hifadhi ya Mikumi anayekagua unyayo wa tembo, kinyesi na tawi lililovunjika, kisha akakwambia kapita lini na kaelekea wapi, anafanya nini kama si upelelezi uleule? Ukungu gani huo, ndugu yangu, kwenye jua lile?