Kapasita Darasani

Mafundi wa Kigoma na Ujiji huunga nyaya kwa lehemu ya bati, nayo huyeyuka upesi kiungo kipatapo joto kali. Kwa nyaya nyembamba za chuma, twapendekeza walimu wanafunzi waunde chombo cha kuchomelea kwa kapasita.

Kapasita kumi za mikrofaradi 10,000, za volti 25, ziungwe sambamba, chanya kwa chanya, zijazwe kwa betri ya volti 12, kama zile ziwashazo taa za wavuvi wa dagaa ziwani. Zitakusanya jouli 7 hivi. Ni kidogo; lakini zikitoka zote kwa mkupuo, ncha zilizogusana huyeyuka na kushikamana. Shaba hukaidi, maana hupitisha umeme na joto kwa wepesi.

Umeme wa betri upitie kwanza katika taa ya gari. Taa hiyo (na hapa ndipo penye somo lenyewe) huwaka, kisha hufifia kadiri kapasita zinavyojaa. Aliyeiona hahitaji mchoro wa ubaoni.

Wako wapendao kapasita za kamera, zenye volti 300 hivi. Hatukubaliani nao kabisa: kapasita hubaki na umeme hata ikitengwa na chanzo chake, na mtoto hupenda kugusa. Mwalimu mwenyewe achomelee, amevaa miwani; wanafunzi watazame na kubashiri.