Picha Ilikuwa Safi Tangu Siku ya Kwanza

Mtu akitazama leo I Love Lucy, kipindi cha vichekesho kilichoanza kuoneshwa Marekani mwaka 1951, atakuta picha kali inayoonesha hata mishono ya nguo. Akihamia All in the Family, kilichoanza mwaka 1971 katika kituo hichohicho cha CBS, atakuta sura zenye ukungu na rangi zinazovuka mipaka yake. Kilicho kichanga kwa miaka 20 ndicho kinachoonekana kikongwe. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba mafundi wa siku hizi wana mashine za kusafisha picha za zamani zikawa mpya. Ingekuwa hivyo, wangevisafisha vyote viwili. Hakuna mashine iliyokiongezea kipindi cha 1951 kitu ambacho hakikuwamo. Ukali ule ulinaswa siku ya kurekodi, ukakaa kwenye ukanda wa filamu zaidi ya nusu karne hadi zilipokuja runinga zenye uwezo wa kuuonesha. Kile cha 1971 kilirekodiwa kwenye kanda ya video, na kanda haikuwa na akiba yoyote.

Runinga za Marekani za enzi hizo zilichora picha kwa mistari 525, na kati ya hiyo ipatayo 480 tu ndiyo iliyoonekana kwenye kioo. Mfumo wa Ulaya, uliofika hata kwetu Afrika Mashariki, ulikuwa na mistari 625, inayoonekana ikiwa 576. HD kamili ina mistari 1,080, kila mmoja ukiwa na nukta 1,920. Kanda ya video, iliyoingia sokoni mwaka 1956 kwa mashine za kampuni ya Ampex, ilihifadhi mawimbi ya umeme yaliyokwisha kukatwa kwa hesabu hiyo ya mistari. Kilichoachwa nje kilipotea palepale. Ukanda wa filamu wa milimita 35, uleule wa majumba ya sinema, haukujua habari ya mistari. Mwanga uliugonga utando wenye chembe ndogo mno za madini ya fedha, na picha ikajiandika kwa undani ambao mashine za kuskani husoma leo kwa upana wa nukta 2,000 hadi 4,000. Picha hiyo ilipunguzwa ili tu iweze kupita hewani, na waliotazama mwaka 1951 waliona sehemu ndogo ya kilichorekodiwa.

Wala waliochagua filamu hawakuwa wakituwazia sisi. Vipindi vingi vya wakati ule vilirushwa mubashara kutoka New York, na miji ya mbali ilipelekewa nakala hafifu iliyopatikana kwa kukipiga filamu kioo cha runinga. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, nyota wa I Love Lucy, walitaka kubaki Hollywood, na mdhamini wao, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hakutaka watazamaji wa mashariki ya nchi wapewe nakala hafifu. Suluhu ikawa kurekodi kwa filamu, kamera tatu kwa mpigo mbele ya hadhira, mpigapicha mkuu akiwa Karl Freund, aliyekuwa amefanya kazi kwenye filamu ya Metropolis ya Fritz Lang huko Ujerumani. Gharama zikapanda. Wanandoa hao wakakubali kupunguziwa malipo, kwa sharti kwamba filamu ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Kwangu, sharti hilo lina uzito kuliko kamera zote tatu, kwa sababu lilimpa mtu sababu ya kutunza. Marudio yakageuka biashara, na filamu zenyewe zikawa rasilimali ya kufungiwa ghalani badala ya taka za studio.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. BBC ilirekodi sehemu kubwa ya tamthilia yake ya Doctor Who kwenye kanda za video, na kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na marudio yalibanwa na mikataba, nyingi zilifutwa zikatumika tena. Makumi ya sehemu za miaka ya 1960 hayajapatikana. Zilizosalimika zilisalimika zaidi kwa sababu zilinakiliwa kwenye filamu ya milimita 16 ili ziuzwe nje, Afrika ikiwemo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa kupotea zimepatikana katika kituo cha runinga mjini Jos, Nigeria. Lakini hata hizo ni filamu zilizopigwa mbele ya kioo cha runinga, na mistari ya runinga imo ndani yake. Kisa cha Spearhead from Space, cha mwaka 1970, ndicho kilichonusurika kwa bahati ya mgogoro wa wafanyakazi: studio hazikupatikana, kikapigwa chote kwa filamu. Mwaka 2013 kilitolewa kwenye diski kwa HD halisi, jambo ambalo visa wenzake vilivyorekodiwa kwa video studioni haviwezi kulifikia.

Hata filamu haitoshi ikiwa hatua ya mwisho ilifanywa kwa haraka. Tamthilia ya Star Trek: The Next Generation, iliyoanza mwaka 1987, ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, kisha picha zikahamishiwa kwenye kanda ya video na kuhaririwa humo, pamoja na vyombo vya angani na mwanga wa silaha. Kilichokamilika kilikuwa video tupu. Wamiliki walipotaka kuitoa kwa HD kuanzia mwaka 2012, iliwalazimu kurudi kwenye makopo ya negativu, kuvitafuta vipande vilivyotumika, kuviskani, kuviunga upya kwa kufuata uhariri wa zamani, na kuunganisha upya picha za angani kwa zaidi ya sehemu 170. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu makopo yalikuwepo. Deep Space Nine na Voyager, tamthilia za Star Trek zilizofuata na kutengenezwa kwa njia hiyohiyo, hadi leo hazijafanyiwa hivyo kwa ukamilifu. Gharama ndiyo iliyozuia.

Watakaonipinga watasema kwamba akili mnemba itamaliza tatizo lote, kwamba programu inaweza kuchukua mistari 480 na kutoa 1,080. Inaweza kutoa mistari, ndiyo. Ila uso uliorekodiwa kwa nukta chache hauna macho ndani yake, na programu huyachora kwa kukisia kutokana na nyuso nyingine ilizofunzwa. Katika tamthilia hilo linavumilika. Katika picha za mkutano wa hadhara au kiapo cha kiongozi, ni kuingiza kwenye kumbukumbu ya taifa sura ambayo hakuna kamera iliyoiona. Pingamizi la pili nalikubali kwa sehemu: HD mara nyingine huiharibu kazi. Tamthilia ya vichekesho ya Seinfeld ilitungwa kwa kioo chenye umbo karibu na mraba. Ilipoingia Netflix mwaka 2021 ikiwa imekatwa juu na chini ili ijaze vioo vipana, katika sehemu inayohusu shimo la barabarani shimo lenyewe likatoweka. Kosa hilo ni la mkasi. Filamu ileile ingeskaniwa kwa ukali wote huku umbo lake likiachwa kama lilivyokuwa.

Kwetu hali ni ngumu zaidi. Runinga ilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994, wakati kanda ilikuwa imekwisha kutawala. Kilichorekodiwa kwenye kanda hakitakuwa HD kamwe, na wapo watakaouliza kwa nini basi fedha ziende huko. Ziende kwa sababu mistari ile 576 ndiyo yote iliyopo, na inapungua. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, ilitoa tahadhari kwamba muda wa kuziokoa kanda za sumaku unakwisha. Sony iliacha kuuza kaseti za Betacam mwaka 2016, na mwaka huohuo kampuni ya Funai ikaacha kutengeneza mashine za VHS. Kanda ya saa moja huhitaji saa nzima ya mashine kuihamisha, na mashine hizo sasa hupatikana zikiwa zimetumika tu. Kituo chenye bajeti ndogo kianze na kanda ambazo hazina nakala nyingine popote, na faili zake kisizibane kupita kiasi ili kuokoa nafasi.

Wanaopiga tamthilia sasa hivi wana kamera zinazozidi HD kwa mbali, lakini mara nyingi kinachobaki ni nakala iliyobanwa ya kupandisha mtandaoni, huku kadi za kamera zikifutwa ili zitumike kesho. Mkataba wa utayarishaji unaweza kulimaliza jambo hili kwa sentensi moja inayotaja nani atazitunza faili za awali, wapi, na kwa miaka mingapi.