Meru Si Soko Dogo: Jibu kwa Wanaowalilia Wachezaji Wanaoondoka

Kila Shabana FC wanapojaza uwanja kule Kisii, swali lilelile hurudi Gakoromone, soko letu la Meru: mbona sisi hatuna timu Ligi Kuu? Wauza ndizi, makondakta wa matatu za Maua na Nkubu, vijana wa boda, kila mtu ana jibu lake, na majibu hayo yamezoeleka hadi hakuna anayejisumbua kuyapinga. Mengine si kweli hata kidogo. Mengine yana ukweli nusu, na hayo ndiyo yametufunga miguu zaidi. Tuyachukue moja baada ya jingine.

"Meru na Embu ni soko dogo. Klabu haiwezi kulipa mishahara huku."

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru. Kisii walikuwa 1,266,860. Meru peke yake, bila kuongeza watu 608,599 wa Embu, inaizidi Kisii kwa zaidi ya robo milioni. Hata hivyo Shabana, waliokaa nje ya Ligi Kuu tangu 2006, walirudi 2023 wakiwa na umati unaowafuata hadi ugenini. Mwaka huohuo Murang'a SEAL nao walipanda kutoka kaunti yenye watu 1,056,640, jirani zetu kabisa wa Mlima Kenya. Ikiwa wingi wa watu ndio soko, basi wenye soko dogo ni hao waliotutangulia.

Tena historia ya ligi yetu haimtambui huyu mdudu anayeitwa soko dogo. Bingwa wa kwanza kabisa, mwaka 1963, alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka 1965 taji likaenda Mombasa kwa Feisal. Oserian Fastac, timu ya shamba la maua la Naivasha, walilitwaa 2001 wakalirudia 2002. SoNy Sugar wa Awendo walilibeba 2006, na Awendo ukiilinganisha na mji wa Meru utaona aibu kulitaja hilo neno dogo tena.

Uwanja tunao. Kinoru ilikarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya 2018, ambayo Kenya ilinyang'anywa Septemba 2017 kwa sababu ya kuchelewa kujiandaa, na Madaraka Dei ya 2018 ikafanyiwa hapo. Mashabiki pia tunao: pita karibu na soko Jumamosi jioni Arsenal wanapocheza. Pesa ya kandanda imo Meru, ila inaingia kwenye vibanda vya kuonyesha mpira na kwenye kampuni za kamari. Hakuna klabu iliyojenga geti la kuizuia hapa nyumbani. Hilo ni tatizo la uongozi, si la soko.

"Mwenye pesa ndiye bingwa, kwa hiyo kushindana ni kupoteza wakati."

Hapa nakubali nusu. Tangu 2011 hadi msimu wa 2024/25, taji la Ligi Kuu limetwaliwa na klabu tatu tu: Tusker, Gor Mahia na Kenya Police, zote za Nairobi. Tusker wana kampuni ya bia nyuma yao. Police wana serikali. Asiyeona mkono wa pesa hapo ameamua kufumba macho.

Lakini kama pesa ingetosha, KCB, timu ya benki, ingekuwa na kabati limejaa. Haijawahi kutwaa Ligi Kuu hata mara moja. Wazito FC ya Ricardo Badoer ilitangaza usajili kwa mbwembwe msimu baada ya msimu, isiguse taji. Mathare United, waliotoka kwa vijana wa mtaa wa mabanda, walikuwa mabingwa 2008. Sofapaka walitwaa taji 2009, ukiwa ndio msimu wao wa kwanza kwenye ligi hiyo. Nao Gor Mahia walitawazwa mabingwa wa 2019/20, msimu uliokatizwa na korona, wakati mdhamini wao SportPesa alikuwa ameshafunga mfuko na wachezaji wakilalamikia mishahara hadharani.

Kinachoziinua klabu za taasisi si ukubwa wa mshahara peke yake. Mchezaji wa Ulinzi Stars ni mwanajeshi. Anayejiunga na timu ya polisi anaweza kuishia kuwa askari kamili. Kijana wa Chuka au Runyenjes akipewa nafasi ya aina hiyo, haangalii tu elfu ngapi kwa mwezi. Anaangalia kazi itakayobaki goti likishaumia, bima ya mama yake, na pensheni. Klabu ya Meru haiwezi kumpa hayo, na ni afadhali ikiri mapema kuliko kudanganya watu kwamba itawashinda Police kwa donge nono. Inachoweza kumpa ni mshahara mdogo unaofika tarehe iliyoandikwa. Katika ligi yetu hicho ni kitu adimu, na wachezaji wanajua thamani yake.

Hizo timu za kampuni nazo zina ugonjwa wao. Oserian ilikufa na mataji mawili mkononi. SoNy Sugar ilifukuzwa ligini 2019 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Kampuni ikikohoa, mji mzima hubaki bila timu.

"Wachezaji ni wasaliti. Tunawalea, mkataba ukiisha wanaondoka bure."

Hili ndilo dai linalopendwa kuliko yote, na ndilo linalonikera kuliko yote.

Tuanze na sheria. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis kilichoanza kutumika 2018, zinasema klabu isiyomlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria imempa sababu halali ya kuvunja mkataba. Anaiandikia klabu, anaipa siku 15 ilipe deni lote, na isipolipa anaondoka huru. Hajaiba kitu. Mwenye kibanda Gakoromone asipolipa ada ya soko hufungiwa na kanjo, na hakuna anayemwita kanjo msaliti. Sasa jiulize ni klabu ngapi ndogo za Kenya zinaweza kukaa miezi miwili bila deni la mishahara. Wachezaji wengi "walioondoka bure" walifunguliwa mlango na klabu yenyewe, mwezi baada ya mwezi.

Wengine hawakuwa na mkataba wowote. Kijana amecheza misimu mitatu kwa nauli na ahadi, kisha anaambiwa amekimbia kandarasi ambayo hajawahi kuiona. Mwambie kiongozi wa klabu akuonyeshe karatasi, uone atakavyogeuza mazungumzo.

Halafu kuna suala la nani hasa ni mdogo. Gor Mahia, ambao kwa mtu wa Embu ni tajiri mkubwa, wenyewe walimpoteza Meddie Kagere kwa Simba ya Dar es Salaam 2018, Francis Kahata 2019 na Joash Onyango 2020. Nao Simba walimwona Clatous Chama akivuka barabara kwenda kwa Yanga 2024. Kila klabu ina mkubwa wake. Tukisema kuondoka ni usaliti, basi mpira wote wa Afrika Mashariki ni wa wasaliti, na neno hilo halitusaidii tena kuelewa chochote.

Lakini dai hili lina jambo moja la kweli, nalo halisemwi: mlezi hulipwa kidogo, au halipwi. Na hapo fedha zipo, ila tunaziacha mezani. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka hadi 15, kisha 0.5 kwa kila mwaka unaofuata. Victor Wanyama alipouzwa na Celtic kwa Southampton 2013 kwa pauni milioni 12.5, kila mwaka mmoja wa malezi yake akiwa na miaka 12 hadi 15 ulikuwa na thamani ya pauni 31,250 kwa hesabu ya kanuni hiyo. Hizo ni pesa za kuendesha timu ndogo ya kaunti kwa muda mrefu. Tena kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa ng'ambo, kuna fidia ya mafunzo, hata kama ameondoka bila ada ya uhamisho.

Sharti ni moja: lazima kuwe na kumbukumbu kwamba kijana alisajiliwa kwako, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo chake cha malipo kinachofuata historia ya usajili ya mchezaji kwenye mifumo ya mashirikisho. Ambaye jina lake halimo hafuatwi na mtu. Timu zetu za mitaa zina makombe kwenye rafu, zina picha za ukutani, hazina rejista.

Fidia hizo za FIFA, hata hivyo, zinalenga uhamisho wa kimataifa. Kijana akitoka Embu kwenda Nairobi, haki ya mlezi inategemea kanuni za hapa nyumbani. FIFA inataka kila shirikisho liwe na utaratibu wa kuzituza klabu zinazolea vijana. Huko ndiko hasira zetu zinapaswa kuelekea, si kwa kijana wa miaka 20 anayejaribu kumlipia ndugu yake karo.

"Tuige Marekani, tuweke kikomo cha mishahara."

Anayesema hivi mara nyingi amesikia habari za besiboli, na kwa bahati mbaya amechagua mfano usiofaa. Besiboli ya kulipwa ya Marekani haina kikomo cha mishahara. Ina kodi kwa klabu inayopita kiwango fulani, na klabu tajiri huilipa na kuendelea. Los Angeles Dodgers walimpa Shohei Ohtani mkataba wa dola milioni 700 Desemba 2023, kisha wakawa mabingwa 2024 na 2025.

Besiboli hiyohiyo imeshaona maajabu pia. Mwaka 2002 Oakland, wakiwa na mishahara ya takriban dola milioni 40, walishinda mechi 103 za msimu wa kawaida, sawasawa na New York Yankees waliotumia zaidi ya milioni 120, na ambao walikuwa wametoka kumchukua Jason Giambi kutoka Oakland hiyohiyo akiwa mchezaji huru. Mets wa New York walitumia kuliko wote 2023 na hata mchujo hawakufika. Lakini usiishie hapo, kwa maana wanaoipenda hadithi ya Oakland huwa hawasimulii mwisho wake: baada ya msimu wa 2024 timu hiyo iliuhama mji. Ujanja bila mapato una kikomo chake.

Cha kuiga Marekani ni kwamba mchezaji hawi huru hadi atimize miaka sita ya utumishi kwenye ligi kuu, na klabu hupata haki hiyo ya kumshikilia kwa kuwa humlipa. Cha pili ni mgao: sehemu kubwa ya mapato ya kila klabu huingia kwenye chungu kimoja na kugawanywa.

Kwetu, kikomo kingefanya nini? Police wakikatazwa kulipa zaidi ya kiasi fulani, nyota wao hatakuja Kinoru. Atapanda basi kwenda Dar. Kikomo cha Nairobi hakivuki Namanga. Tanzania wameingia njia nyingine: 2021 Azam walisaini haki za matangazo ya ligi kwa shilingi bilioni 225.6 za huko kwa miaka 10, na klabu zote hupata mgao. Mgao huo haujavunja utawala wa Simba na Yanga. Bingwa wa mwisho nje ya hao wawili ni Azam FC wa 2013/14. Mimi siahidi kwamba mgao utaleta taji Meru. Nasema kijana anahitaji chini pa kusimama kabla hatujabishana kuhusu dari. Klabu ikithibitisha kwamba imelipa mishahara yote ya msimu uliopita ndipo iruhusiwe kusajili: kanuni hiyo moja, ikisimamiwa kweli, ingepunguza pengo kuliko kikomo chochote.

"Basi gavana alipe, au tupate mdhamini mmoja mkubwa."

Meru walileta hoja tatu za kumng'oa gavana kati ya Desemba 2022 na Agosti 2024, na ya tatu Seneti ikaidhinisha. Klabu inayokula ofisini kwa gavana ingekuwa wapi miezi hiyo yote? Kaunti ikarabati uwanja, itunze nyasi na vyoo, itoze kodi nafuu ya mechi. Mishahara isiguse.

Kuhusu mdhamini mmoja, tumeshalipia somo hilo. SportPesa waliondoka 2019 baada ya mvutano wa leseni na kodi. BetKing walitangaza udhamini wa ligi wa shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano Julai 2020, na mwaka uliofuata hawakuwepo.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa pande mbili. Viongozi wa timu za Meru, Tharaka na Embu: kabla ya dirisha lijalo la usajili, mwandikisheni kila kijana mnayemfunza, hata wa miaka 12, mumpe mkataba anaoweza kuusoma, na muweke mshahara ambao mfuko wenu unaumudu, hata ukiwa mdogo. Na ofisi ya Hussein Mohammed, aliyechaguliwa kuongoza shirikisho la soka la Kenya, FKF, Desemba 2024: wekeni fidia ya malezi kwa uhamisho wa ndani ya nchi, kwa viwango vilivyoandikwa, ili klabu ya Nairobi ikimchukua kijana wa Gakoromone iache kitu Gakoromone.